Kwa Nini Viatu vya Mchungaji Vimebaki Dubai

Tangu nirudi, kila mtu ana swali lake. Mama Koku anataka kujua kama maghorofa ya Dubai yanafika mawinguni kweli. Vijana wa kwaya wanauliza habari za magari. Mchungaji ana swali moja tu, na ameniuliza mara nne, mara ya mwisho akiwa amesimama madhabahuni: "Mwalimu, viatu vyangu viko wapi?"

Nimechoka kujibu kwa vipande. Naandika yote hapa, kila mtu asome mwenyewe, na Mchungaji asome mara mbili.

Kwa asiyenijua, mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Bukoba. Watu husema sisi wa Bukoba tunajivuna. Si kweli, tunaeleza tu yaliyopo. Na yaliyopo kwangu ni haya: kwa miaka kumi na minne nimeandika kwa Kiswahili, katika daftari lenye jalada jeusi, maisha ya mtunzi mmoja wa muziki wa Ulaya ya kale, wa zama zile za Baroko ambapo wanaume walivaa mawigi na wimbo mmoja ulitiwa madoido ya nyimbo sita. Anaitwa Gottlieb Wanzahl. Ndiye aliyetunga "Nipe Ruhusa, Bwana", ule wimbo ambao besi wetu hupotea kila wakifika ukurasa wa pili.

Kuandika nimeandika. Tatizo ni wasikilizaji. Katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza hadi mwisho. Mke wangu akifika kwenye ubatizo wa mtunzi hukumbuka maharage jikoni. Wewe Mchungaji ulisinzia mtoto hajaota hata meno. Nilitaka jambo moja kabla sijazeeka: kuisoma habari ile yote, mpaka mtunzi anakufa, mbele ya watu waliokaa.

Ndipo Jentriksi akapiga simu kutoka Dubai. Jentriksi ni Mkenya wa upande wa Busia. Tulikutana zamani kwenye tamasha la kwaya Kisumu, nikampa nakala za nyimbo zetu. Sasa anasafisha vyumba hotelini huko Dubai, na siku yake ya mapumziko anaongoza kwaya ya Wakenya, wengi wao walinzi. Walitaka kuimba "Nipe Ruhusa, Bwana" mbele ya watu, nami nije niwaeleze maisha ya mtunzi. Furaha ilinipanda kichwani. Nikamwambia, "Nakuja na Mzee Wanzahl mzima, tangu kuzaliwa..." Hapo simu ikakatika, salio limekwisha.

Yakumbukeni maneno hayo. Kumbukeni pia kwamba taipureta ya usharika wetu haina herufi H. H zote za nyimbo zile nilizijaza kwa kalamu, isipokuwa moja iliyonipita. Nilichapa "Mtunzi: G. Wanzal". Huko Kenya mtu mwenye huruma aliona jina limekatika mkia, akaliongezea A. Sasa Wanzala ni jina la Waluhya wa Busia, tena ni watu wengi na wanapendana.

Bukoba hadi Entebbe

Mambo ya tiketi na viza nayaruka. Naanzia stendi, ambako mlinifuata asubuhi ile kuniaga. Hamkuja kuniaga, mlikuja kuagiza. Mguu mmoja ulikuwa ndani ya basi, mwingine nje, na kila mtu ananitajia haja yake. Karatasi sikuwa nayo. Nikafungua daftari langu jeusi popote penye nafasi nyeupe, nikaandika kwa haraka: viatu vyeusi vya ngozi, namba tisa, visiwe na ncha, vya Mchungaji. Blanketi mbili za manyoya na birika la umeme linalojizima lenyewe, Mama Koku. Pazia la bafuni lenye samaki, mke wa katekista. Pazia hilo sikuelewa, maana bafu la katekista nalijua na halina hata mlango.

Ndani ya basi jirani yangu alikuwa mfanyabiashara wa kahawa. Nilianza kumsomea kabla hatujafika Mutukula. Tulipofika Masaka akasema amefika kwake, akashuka. Muda mfupi baadaye tulisimama kununua ndizi, nikamwona dirishani mwa basi lililokuwa nyuma yetu, anaendelea na safari. Alikuwa amefika ukurasa wa nne.

Addis Ababa, saa kumi bila ndege

Ndege ya kwenda Dubai ilichelewa saa kumi. Walitupa chakula, na juu yake chapati laini yenye matundu matundu. Nilionja, nikamwita mhudumu nikamnong'oneza kwa heshima kwamba chapati yao imechacha. Aliondoka kwa adabu akaniletea nyingine, nayo ilikuwa imechacha zaidi. Abiria wa Uganda aliyekaa kando yangu ndiye aliyenieleza kwamba ndivyo inavyotakiwa kuwa. Alikuwa mama wa makamo anayekwenda kununua mashuka na vyombo vya kuuza Kampala, na mizigo yake aliitumia kama kitanda.

Nilimsomea habari za utoto wa Wanzahl: jinsi baba yake, mwoka mikate, alivyomtoa akafanye kazi ya kukanyaga mivukuto ya kinanda cha kanisani, kile kikubwa cha mabomba, na jinsi mtoto alivyosinzia siku ya Krismasi kinanda kikakata pumzi katikati ya wimbo. Yule mama alisikiliza vizuri. Kisha akauliza mama wa mtoto huyo alikuwa wapi wakati wote huo. Nilikuwa sijawahi kufikiria. Nilipokuwa natafuta jibu daftarini, akaanza kukoroma. Ukurasa wa saba. Ilikuwa rekodi.

Uwanja wa Dubai hadi Muraqqabat

Afisa wa forodha alifungua mkoba wangu akatoa kopo la senene alilonifungia mke wangu. Alitikisa, akachungulia, akamwita mwenzake. Nikawaeleza kwamba ni panzi, ni chakula, tena ni chakula cha heshima. Hawakuamini, basi nikala watatu mbele yao. Yule mwenzake akaomba mmoja, akatafuna, akasema "Yalla," akanipungia nipite. Kopo lilirudi na upungufu wa kama kiganja kimoja.

Nje nilimwona Jentriksi amebeba bango: KARIBU MZEE WANZALA. Macho yaliniloa. Nilidhani ni heshima kwa mtunzi, na kosa la jina nikalisamehe. Kando yake alisimama mwanamume mrefu mpana, amevaa sare ya ulinzi, viatu vyake vikubwa kama mikate miwili ya kilo, na mbele yake anasukuma kiti cha magurudumu kitupu. Jentriksi alinitambulisha: huyu ni Bwana Efraimu, mlinzi, anaimba besi, naye ni Wanzala. Nikasema jina zuri. Kisha Jentriksi akachungulia nyuma yangu.

"Mwalimu, na Mzee ako wapi?"

"Mzee gani?"

"Si Mzee Wanzala. Ulisema unakuja na yeye."

Nilikuwa sijalala siku mbili. Nikajibu kama mwalimu anayesahihisha madaftari: "Mzee Wanzala amefariki."

Kiswahili safi kingetaka niongeze maneno mawili, "zamani sana". Sikuongeza. Jentriksi alishika mdomo wake. Bwana Efraimu akavua kofia. Wote wawili wakanishika mikono, mmoja huku na mwingine huku, wakanikalisha mimi katika kile kiti cha magurudumu. Sikukataa, maana miguu ilikuwa imevimba.

"Pole sana, Mwalimu," Jentriksi alisema.

"Asante. Safari ilikuwa ndefu."

Hapo ndipo kosa lilipotia mizizi. Kiswahili chetu kina neno moja kwa mtu aliyefiwa na mtu aliyepanda ngazi. Kila aliponipa pole ya msiba, mimi nilipokea pole ya safari. Aliponiuliza kama ilikuwa ghafla, nilimjibu kwa usahihi kabisa kwamba Mzee alikata roho akiwa ameketi kwenye kinanda wakati wa mahubiri, na hakuna aliyejua mpaka wimbo uliofuata ulipokataa kuanza. Jentriksi akalia palepale kwenye foleni ya teksi. Nilisema moyoni, hatimaye nimefika kwa watu wanaothamini muziki.

Mji ulikuwa unajengwa kila upande. Kando ya barabara kubwa nguzo za treni zilisimama tupu, reli yenyewe haijawekwa. Huko Muraqqabat nilipangiwa kitanda katika chumba cha walinzi, vitanda vya juu kwa chini, mimi nikapewa cha chini kwa heshima ya umri. Waliingia mmoja mmoja, wakanishika mkono kwa mikono miwili. Pole, Mwalimu. Asante, nimeshapoa. Waliniletea ugali, kuku na sukuma wiki, na nilipotaka kuosha sahani wakaninyang'anya.

Mmoja aliuliza kwa upole kama Mzee alikuwa akiishi nami. Nikamwambia nimekaa naye miaka kumi na minne. Akauliza kama tulikaa nyumba moja. Nikasema chumba kimoja, mara nyingine juu ya meza, mara nyingine namlaza chini ya mto. Walitazamana. Kisha mzee kuliko wote mle chumbani akasema kila mtu anahuzunika kwa njia yake, nao wakaondoka wakinyata ili nipumzike.

Naif

Alhamisi Bwana Efraimu alikuwa na zamu ya jioni, kwa hiyo asubuhi akanipeleka Naif kununua vitu vyenu. Vichochoro vile vimejaa mabunda ya nguo, masufuria na watu wa kwetu wanaobishana kwa kila lugha. Tuliingia duka la mzee mmoja ambaye wazazi wake walitoka Unguja. Yeye mwenyewe Unguja ameiona kwa picha tu, lakini Kiswahili chake kilinifanya niketi wima. Niliagiza birika, blanketi na lile pazia. Lilikuwepo lenye samaki na lenye pomboo, nikachagua samaki, kwa kuwa niliogopa mke wa katekista.

Viatu alivileta Bwana Efraimu mwenyewe kutoka rafuni, vyeusi, vya ngozi, namba tisa, mbele mviringo. Akawa amevishika tu. Nilimwuliza kama ni vizuri. Badala ya kujibu, akaniambia kwamba baba yake alifariki mwaka uliopita huko Busia. Aliomba likizo. Kampuni ilisema mkataba haujafika mwaka wa pili na mtu wa kushika zamu yake hayupo. Pasipoti ilikuwa kabatini kwa kafeel, yule mwajiri aliyemdhamini aingie nchini. Siku wanamzika baba yake, yeye alikuwa kwenye lango la maegesho, anainua kizuizi gari lipite, anakishusha, anakiinua. Alisema haya bila kupaza sauti, kisha akampa mzee wa duka viatu avifunge. Nilitaka kusema neno la kufaa, nikasema pole. Safari hii nilijua ni pole ya aina gani.

Jentriksi alikuwa ameniomba picha ya Mzee, nami nilikuwa nayo moja, imebandikwa kwenye jalada la ndani la daftari: Wanzahl wa miaka hamsini, wigi limemfika mabegani. Tuliitolea nakala kwenye mashine ya kwenye kona. Mashine ilikuwa na wino mwingi kuliko akili. Uso wa mtunzi ulitoka mweusi tititi na wigi likang'aa jeupe. Mzee wa duka, ambaye alikuwa ametufuata kuturudishia chenji, aliitazama.

"Marehemu alikuwa kadhi?"

Bwana Efraimu aliiangalia nakala, akaiangalia picha yenyewe daftarini, akarudi kwenye nakala. Kisha akaikunja vizuri, akaitia mfukoni mwa shati, akasema twende tutachelewa.

Dubai Investments Park

Ijumaa baada ya chakula cha mchana tulipanda basi hadi Dubai Investments Park, mbali kabisa na mji, ambako kuna viwanda, maghala na nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mistari. Kwaya ilikuwa tayari ukumbini, ukumbi wenyewe ukiwa bwalo la chakula la kambi. Watu walijaa mpaka kwenye madirisha. Walinzi, wafagiaji, wapishi, dada wa hotelini, na Watanzania kadhaa wa ujenzi waliosikia tu kwamba kuna shughuli. Nilifurahi mpaka nilipoinua macho. Ukutani palikuwa na kitambaa cheusi, ile nakala ya picha imekuzwa, na chini yake maandishi: BURIANI MZEE GODFREY WANZALA.

Nilisoma mara tatu. Mama mmoja mbele yangu alikuwa anamweleza mwenzake kwamba marehemu, mbali na nyimbo, alikuwa jaji wa mahakama kuu, si unaona lile wigi.

Nilimvuta Jentriksi nyuma ya majiko. Kabla sijafungua mdomo, akaniambia nisihofu, mambo yamenyooka. Meneja wa kambi, mtu wa Kerala ambaye wote humwita kempibosi, alikuwa amewanyima bwalo kwa miezi minne. Kwa tamasha, hapana. Kwa mazoezi, hapana. Juzi Jentriksi alipomwambia kwamba wamefiwa, kempibosi akafanya ishara ya msalaba, akatoa ufunguo. Saa moja tu, khalas. Na wote wamekuja, Jentriksi aliendelea, kwa kuwa hapa watu wanafiwa na hawaendi kuzika. Leo angalau wanaye wa kumlilia pamoja.

Sasa niambieni mngefanya nini. Nikisema kweli, bwalo limekwenda, na Jentriksi anaonekana mwongo mbele ya kempibosi aliyesimama mlangoni na saa mkononi. Nisiposema, ninawaliza watu kwa Mjerumani aliyekufa zaidi ya miaka mia mbili na hamsini iliyopita. Kisha likanijia jambo lingine, nalikiri kwa aibu: msibani wasifu wa marehemu husomwa wote, na hakuna anayeondoka.

Nikapanda kwenye meza iliyotandikwa shuka, nikafungua daftari ukurasa wa kwanza.

Sikusema uongo hata mmoja. Nilisoma nilichoandika. Mwaka wa kuzaliwa niliukohoa. Niliposoma kwamba baba yake alikuwa mwoka mikate, mtu akasema ndiyo, ule ukoo wa Wanzala wenye bekari, nawajua. Niliposoma kwamba kazi aliifanya Ujerumani, watu walitikisa vichwa: kumbe naye alikuwa ughaibuni. Theluji iliwahuzunisha sana. Nikaingia kwenye habari za kazi, jinsi Mtawala wa mji mmoja alivyomwajiri, akampa sare ya watumishi, akamweka kula meza moja na wapishi, na kila wimbo aliotunga ukawa mali ya Mtawala na kufungiwa sandukuni.

"Huyo ndiye kafeel wake?" mtu aliuliza kutoka dirishani.

Miaka kumi na minne nilikuwa nikihangaika kutafsiri cheo cha Mtawala yule. "Ndiye," nikasema.

Kuanzia hapo bwalo lilikuwa langu. Waliuliza kama alilipwa nauli ya kurudi. Waliuliza malazi walilala wangapi. Nilipofika kwenye vipande sitini vya tarumbeta alivyoamriwa kutunga ili Mtawala ameng'enye chakula vizuri, dada mmoja wa hotelini alicheka mpaka akatolewa nje kunywa maji, kisha akarudi mbio asikose. Wigi lilishika moto kwa mshumaa, wakapiga makofi. Watoto kumi na mmoja, wakaguna. Ukurasa wa nane ukapita, wa kumi, wa kumi na tano.

Ukurasa wa kumi na tisa mimi huuruka. Hauna muziki, una habari za nyumbani tu. Lakini msibani huruki, basi nikausoma. Baba yake Wanzahl alipofariki, barua ilimfikia siku Mtawala ana wageni. Aliomba ruhusa akamzike. Mtawala akasema nani atapiga kinanda mezani? Usiku wote ule alipiga muziki wa kula, amevaa sare, wageni wakimwomba mwingine, mwingine. Wiki iliyofuata alitunga "Nipe Ruhusa, Bwana", na Mtawala aliposikia alidhani Bwana anayeombwa ni yule wa mbinguni, akausifu.

Niliinua macho. Bwana Efraimu alikuwa amekaa kiti cha mbele, cha ndugu wa marehemu, mikono magotini, machozi yanamshuka na hayafuti. Mimi nimeufundisha wimbo ule maisha yangu yote, nimewafokea besi wangu kwa ajili yake, na sikuwahi kujua nilikuwa naimba nini. Sikumwita mtu. Kwaya ilisimama yenyewe, naye akasimama nayo, wakauimba. Besi hawakupotea ukurasa wa pili. Nililia, Mchungaji, nalisema wazi.

Kempibosi hakuitazama tena saa yake.

Nikaendelea hadi ukurasa wa thelathini na moja, mahali ambapo hakuna masikio ya mwanadamu yaliyowahi kufika, yangu yakiwemo. Nilisoma kifo chake kwenye kinanda. Nikasoma, kwa sauti ya kanisani, sentensi ya chini kabisa: "Mzee huyu hakuacha nyumba wala shamba. Aliacha..." Nikafunua ukurasa, nikaendelea kwa sauti ileile: "Viatu vyeusi vya ngozi, namba tisa, visiwe na ncha. Blanketi mbili za manyoya. Birika la umeme linalojizima lenyewe."

"Amina," watu walisema.

Nilikuwa nimeshatamka "pazia la bafuni" ndipo masikio yangu yalipoamka. Nyimbo mia nne alizoacha Wanzahl zilikuwa ukurasa wa mbele yake. Kwenye uwazi huu niliandika maagizo yenu, mguu mmoja ndani ya basi. Watu wote walikuwa wanatazama kona ya bwalo, ambako mzigo wangu wa Naif ulikuwa umekaa, blanketi zikionekana. Nilifunga daftari. Nilijua sasa sina budi kusema kweli yote, bwalo au hakuna bwalo, na nikavuta pumzi.

Bwana Efraimu akasimama kabla yangu.

"Mimi ndiye wa ukoo," alisema. "Kwetu mtu akizikwa, vitu vyake vinagawiwa. Hivyo viatu ni vyangu."

Wazee wa Kiluhya waliokuwepo wakasema ndivyo. Alikwenda kwenye mzigo, akafungua, akavitoa viatu, akavishika kifuani. Mtu akaanzisha wimbo mwingine. Vile vitu vilivyobaki hakuna aliyevigusa, kwa kuwa ukoo ulikuwa na mtu mmoja tu mle ndani.

Nilimfuata nje, kwenye kivuli cha ukuta wa ghala. Nikamwambia kwamba ninalo la kukiri. Akaniambia sina.

"Mwalimu, mimi nilijua tangu Naif. Kwetu hatujawahi kutoa jaji. Hiyo kitu tungekuwa tunaiimba mpaka leo."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa hujamaliza kusoma. Babangu walimsomea wasifu, mimi sikuwa. Vitu vyake viligawiwa, mimi sikuwa. Viatu alichukua binamu, akavivalia shambani."

Nilitazama miguu yake, nikaona yale mabuti. Nikamwuliza anavaa namba ngapi.

"Kumi na moja," alisema. "Babangu ndiye alikuwa namba tisa."

Kurudi

Jentriksi nilimweleza kesho yake, akiwa ananisindikiza uwanjani. Alinibebea sanduku hadi mlango wa kuondokea. Hapo akasema mwakani nikija nije peke yangu, nisilete mzee mwingine. Kisha akacheka mpaka akakaa juu ya sanduku langu. Kempibosi, alinieleza, alikuwa amemwuliza kwa upole kama nasi, kama kwao Kerala, tunamwombea marehemu siku ya arobaini. Alijibu ndiyo, na kwamba kabla ya arobaini inabidi kufanya mazoezi kila Ijumaa. Ufunguo wa bwalo sasa anao yeye.

Huko Addis nilikula ile chapati bila kumnong'oneza mtu. Kwenye basi la Mutukula sikumsomea jirani yangu chochote. Kiu hiyo imeniisha.

Mama Koku, blanketi na birika zipo kwangu, njoo uchukue. Mke wa katekista, samaki wapo. Mchungaji, viatu vyako havikupotea wala sikuvisahau. Vimewekwa juu ya kabati la chuma katika chumba cha walinzi huko Dubai, hupakwa rangi kila Ijumaa, na hakuna anayevivaa.